Shangazi, bega linamuuma mwanangu na baba yake keshagombana na kocha

*Shangazi shikamoo. Mimi natokea Tanga ila naishi Texas, karibu na Dallas. Binti yangu ana miaka 12 anacheza softiboli na yeye ndo pitcha wa timu. Wikiendi ya juzi walikuwa na mashindano, karushishwa mechi 3 Jumamosi na 2 Jumapili, tangu hapo bega linamuuma, kocha kasema aweke barafu. Jumatatu nimemkuta anachana nywele kwa mkono wa kushoto na yeye si wa mashoto. Baba yake Jumapili ile alimfokea kocha mbele ya watu wote kwamba anampendelea mwanawe na wetu anamtumikisha. Sasa mazoezini mtoto kapelekwa kusimama mwisho kabisa wa uwanja upande wa kulia, hajarusha hata mpira mmoja, na kocha salamu yangu anaiitikia nusu, ila meseji za mazoezi anamtumia mtoto kwenye simu yake kama kawaida. Mtoto ananiambia mama usiseme chochote utaniharibia. Pale waafrika ni sisi tu, kiingereza changu kina lafudhi, naogopa kuonekana mkorofi. Ninyamaze au nimtoe? Hela ya msimu mzima tushalipa.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikaona ugomvi wa baba na kocha, mara ya pili nikaona kitana kwenye mkono wa kushoto, na hapo ndo nikaacha kila kitu nikakaa kukuandikia. Ugomvi utasubiri. Bega halisubiri, wiki hii hii mpeleke kwa daktari wa watoto na umwambie wazi karusha mechi 5 ndani ya siku 2, usimwambie tu "anacheza mpira" maana hatajua anatafuta nini.

Wengine hamjawahi kuiona softiboli niwaambie kidogo. Ni ndugu yake besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia, ila mpira wake mkubwa zaidi, rika hili la binti mzunguko wake ni inchi 12, na pitcha ndo yule anayemrushia mpigaji. Anasimama futi 40 kutoka kwake, kama mita 12 hivi, anauzungusha mkono mzima kama pangaboi alafu anauachia mpira usawa wa nyonga kwa nguvu zake zote. Sasa kwa kuwa mpira unatokea chini watu wengi wanaamini hauumizi, hata makocha, wanasema huo ndo mwendo wa kawaida wa mkono. Kwenye besiboli ya watoto ya Little League tangu 2007 mipira ya pitcha inahesabiwa mmoja mmoja, ikifika kikomo kilichowekwa kwa watoto wa umri wake anatolewa hata kama anashinda. Kwenye mashindano mengi ya softiboli hakuna anayehesabu, timu ikimpata pitcha mmoja mzuri basi anarusha yeye asubuhi, mchana na jioni, na kesho yake fainali pia yeye. Lakini mkono ukizunguka vile, ule msuli wa mbele unavuta pale mbele ya bega kila mpira, kila mpira, na mtoto wa miaka 12 mifupa yake bado inakua, karibu na maungio kuna sehemu laini ambazo ndo zinarefuka, zikivutwa bila kupumzishwa zinaumia. Barafu inapoza maumivu tu, haimpumzishi.

Simsemi kocha kwamba ni mtu mbaya. Wengi wao ni wazazi kama wewe, katoka kazini amechoka kaenda kuuburuta uwanja usawazike na kuchora mistari ya chokaa, hakuna anayemlipa, na Jumapili jioni kasikia mtoto kasema bega linauma kidogo akamjibu kama alivyojibiwa yeye alipokuwa mdogo. Hajakiona kile kitana. Umekiona wewe peke yako, kwa hiyo usipomwambia hana pa kukijulia, na ndo maana kunyamaza hapa mimi sikukubalii hata kidogo.

Najua tunakotoka. Kwetu ukishampeleka mtoto kwa mwalimu umemkabidhi, ukirudi kuuliza unaonekana unamdekeza mwanao au unamfundisha mwalimu kazi, mama yangu mzazi alifika shuleni kwangu mara mbili tu maisha yangu yote na zote aliitwa. Huko uliko kocha anategemea kuulizwa, timu nyingi zina utaratibu kabisa na mara nyingi umeandikwa kwenye ile karatasi mliyosaini mwanzo wa msimu, itafute. Kitu utakachokikuta mara nyingi ni ile kanuni ya saa 24, yaani mechi ikiisha usimfuate kocha siku hiyo, subiri kesho yake hasira zishuke pande zote mbili. Mumeo aliivunja hiyo, lakini mtoto akiumia hapo hapo uwanjani usije ukakaa unahesabu masaa, unanyanyuka.

Kuhusu lafudhi, mwandikie kwanza. Meseji fupi, asubuhi siku isiyo na mechi, kwa kiingereza chako hicho hicho ambacho unaendea kazini kila siku: "Habari kocha, naomba dakika 10 tuongee faragha kabla ya mazoezi, ni kuhusu bega la binti yangu. Tangu mashindano bega la kulia linamuuma, anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Tunampeleka kwa daktari, naomba asirushe mpaka tupate majibu." Basi. Hujalaumu mtu, hujaomba nafasi, hujamtaja mtoto wa mwenzio. Na mkikaa ana kwa ana baki hapo hapo kwenye ulichokiona kwa macho yako, zile mechi 5, ule mkono wa kushoto, alafu muulize swali moja la mbele: kuanzia sasa tutahesabu vipi mipira yake na nani atakuwa pitcha wa pili? Akianza kujitetea kuhusu Jumapili mwache amalize, usibishane, rudi kwenye bega. Lafudhi haimzuii mtu kukuelewa unapomwambia mtoto hawezi kuchana nywele kwa mkono wake wa kulia.

Na huyo mtoto wa kocha jamani mwacheni kabisa. Kweli inatokea, baba ni kocha na binti yake hakai benchi, sikatai, lakini ukishamtaja mtoto wake kocha hasikii tena neno lako lingine lolote, atabaki baba anayemtetea mwanawe kama mumeo alivyokuwa anamtetea wake.

Sasa mumeo. Namwelewa, kamwona mwanawe anachoka toka asubuhi kavumilia mpaka ikamtoka. Lakini nikuambie nilichokiona kwa macho yangu mwaka niliomtembelea binti yangu Minnesota, mjukuu naye alikuwa anacheza, sisi wazazi na mabibi tumekaa nyuma ya fensi kwenye viti vya kukunja, baba mmoja akasimama akaanza kumpigia kocha kelele. Wote tuligeuka kumwangalia yeye. Mimi nikamtafuta mtoto wake uwanjani. Alikuwa kainama anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa, akaifungua akaifunga tena, akaifungua tena, mpaka kelele zikaisha. Ile picha haijanitoka. Kwa hiyo baba aende mwenyewe, asikutume wewe, amwambie kocha samahani kwa kukufokea mbele ya watoto, nilikosea. Asiongeze "lakini". Na akirudi nyumbani amwambie binti pia, hiyo ndo watu wanaisahau. Hiki kitangulie, ndo wewe ufuate na la bega, la sivyo kocha ataona mmebadilishana zamu.

Alafu kuna kitu kwenye barua yako nataka ukifikirie upya. Umesema kasogezwa mwisho wa uwanja hajarusha mpira na wewe umeshaamua ni adhabu. Inawezekana. Lakini mtoto alisema bega linauma na siku chache baadae kocha hakumrushisha, sasa je kama ndo alikuwa anampumzisha? Na ile salamu nusu huenda ni aibu tu ya Jumapili. Sijui mimi, na wewe pia hujui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Muulize. Ukimpa nafasi ya kusema "nilimpumzisha" na yeye akaichukua, hata kama hakuwa amefikiria hivyo mwanzo, wewe ulichokitaka si ndo hicho.

Meseji kwenye simu ya mtoto umeitaja kwa kupita tu, mimi nimeiona. Sisemi kuna ubaya, ni muda wa mazoezi, lakini kwenye vilabu vilivyo chini ya USA Softball, chama cha softiboli cha taifa huko Marekani, miongozo ya kulinda watoto inataka mtu mzima akimwandikia mtoto basi mzazi au mtu mzima mwingine awemo kwenye meseji hiyo. Hata kama klabu yenu iko kwingine ni ombi la kawaida kabisa: "kocha naomba meseji zote ziwe na namba yangu pia." Kocha mwema atasema sawa hapo hapo.

Kwa binti, usiende kisirisiri. Akija kugundua umeongea na kocha wakati yeye kakuomba usiongee, siku nyingine mkono ukimuuma hatakuambia. Kaa naye, mchane nywele, mwambie mambo mawili haya tumeyagawana. Maumivu ni ya wakubwa, hayo nitaongea mimi hata ukinikasirikia. Nafasi ya kucheza ni yako wewe, daktari akikuruhusu utamfuata kocha mwenyewe umuulize nifanye nini nirudi kurusha, mimi nitasimama pembeni sitatia neno. Miaka 12 anaweza. Mfanyie mazoezi jikoni, wewe ukiwa kocha.

Kumtoa timu bado, ila hela isiwe ndo sababu ya kumbakisha. Andika kwenye daftari tarehe na mlichoongea. Kocha akipuuza, au akimlipizia mtoto, unaenda kwa wasimamizi wa klabu au bodi ya ligi na daftari lako, ligi nyingi zina mtu maalumu wa mambo ya usalama wa wachezaji. Na siku akimrushisha huku anajua daktari kakataza, hiyo siku unachukua begi lake, gongo lake na chupa yake ya maji mnaondoka katikati ya mechi, hasara ya hela mtaihesabu baadae.

Kesho ofisi ya daktari ikifunguliwa tu piga simu. Na usiku huu mwangalie anavyovua fulana kwenda kulala, kama anautoa kwanza mkono wa kushoto ndo anauvuta taratibu wa kulia, mwambie daktari na hilo.

Shangazi yako