DBA yenye utafiti wa teknolojia: nianzie wapi?

Dada yangu, umeuliza kama wewe, meneja wa sacco hapa Kampala, usome DBA, yaani shahada ya uzamivu ya usimamizi wa biashara, kwa mada ya "akili bandia katika biashara". Soma, tena usisite. Ila mada hiyo ni pana mno, msimamizi makini ataikataa mapema.

PhD hulenga zaidi kukuza nadharia. DBA huanzia kwenye tatizo la kazini na kutafuta jibu linalotumika. Hapo ndipo penye utajiri wako. Pesa za simu zipo Uganda tangu 2009, na bado wapo wanachama wanaopanga foleni kuweka akiba taslimu. Kwa nini? Ni makato? Mtandao kukatika? Au hawamwamini wakala? Ukichagua swali moja kati ya hayo ukalichimba kwelikweli, unayo tasnifu nzima, na sacco yako itafaidika nayo.

Lakini rekodi za wanachama si mali yako kwa kuwa wewe ni meneja. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakubana, hivyo tafuta ridhaa. Kisha kuna kamati ya maadili ya utafiti na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Anza mapema, watu wengi hukwama hapo.

Kuhusu chuo, kiwe cha hapa Kampala, kule Nakawa, au cha mtandaoni ng'ambo, ulizia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama shahada yake inatambuliwa kabla hujalipa hata shilingi.