Mbwa miguuni pa shahidi

Dada mkalimani, asalaam aleikum. Binti yangu ana miaka 11. Mwezi ujao atatoa ushahidi, jirani yetu alipigwa mbele ya macho yake. Ofisi ya mwendesha mashtaka inasema kizimbani atakaa na mbwa. Sisi Waislamu. Mbwa na mahakama wapi na wapi? Na hao wa juri, raia wanaoamua kesi, si watamcheka?
Mama binti, Kent, Washington

Waaleikum salaam, mama. Mimi mtoto wa Mombasa. Mbwa niliyemjua ni yule wa kibao cha getini, "Mbwa Kali". Siku ya kwanza kumkalimania shahidi mwenye mbwa nilikunja miguu chini ya kiti saa nzima. Mwenyewe mbwa kalala fofofo. Wakili yuko katikati ya swali, nikasikia mkoromo. Mtoto alikuwa kavua ndara, vidole vya mguu vimezama kwenye manyoya, na ile sauti yake mtoto niliyokuwa naitegea sikio sasa naisikia vizuri.

Jambo lenyewe lilianzia kaunti yenu hiyo hiyo ya King. Mwaka 2003 mwendesha mashtaka Ellen O'Neill-Stephens alikuwa akija kazini na Jeeter, mbwa msaidizi wa mwanawe mwenye ulemavu, akaona watoto wanavyotulia. Mwaka uliofuata ofisi ikapata mbwa wake, Ellie.

Juri usiwaogope. Mbwa huingizwa kabla hawajaketi, akalala nyuma ya ubao wa kizimba. Jaji naye huwaonya wasipime ushahidi kwa sababu ya mbwa. Mawakili wa utetezi hulalamika kwamba mnyama huvuta huruma, na si hoja ya kipuuzi: mtoto na mbwa, nani asilainike? Ila mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilikubali mbwa akae na shahidi, kwenye kesi ambayo Ellie alikaa na mtu mzima mwenye ulemavu wa akili.

Kuhusu najisi, mimi si shehe, muulize wako. Madrasa yetu ya Kishafi ilinifunza shida ni unyevu, mate na pua; kavu kwa kavu haiambukizi. Na hawa wamefunzwa muda mrefu, hawarambi ovyo.

Omba binti amwone mbwa kabla ya siku yenyewe. Akisema hataki, basi, hakuna wa kumlazimisha. Lakini anataka au hataki, iambie ofisi ya mwendesha mashtaka wiki hii, maana jaji atataka kusikia na upande wa pili. Na utie buibui la pili mkobani, roho yako itulie.