Dogo aende akasome jenetiki

Mleta mada anasema mdogo wake amechaguliwa kusoma jenetiki (sayansi ya jeni na urithi wa viumbe) chuo kikuu na mama yao anahofia atarudi hasali. Mchangiaji wa kwanza akaongeza petroli: dini na sayansi ni fahali wawili, hawakai zizi moja. Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga na ni mjumbe wa kamati ya msikiti wa mtaani kwetu, kwa hiyo fahali wote wawili nawalisha. Dogo aende.

Tulipojenga upya msikiti, kibla ilizua mzozo. Ukuta wa zamani ulikuwa na upande wake, dira za simu zina upande wao, na zenyewe kwa zenyewe hazikubaliani kwa sababu rundo la nondo lilikuwa pale pale. Nikawaomba wazee tungoje tarehe 28 Mei. Siku hiyo jua hupita wima juu ya Kaaba saa 6:18 mchana kwa saa za Makka, ambazo ndizo saa zetu pia. (Hutokea tena tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27.) Makka iko nyuzi 21.4 kaskazini mwa ikweta, na jua huivuka latitudo hiyo mara mbili kwa mwaka, likipanda hadi nyuzi 23.4 na likirudi. Dakika hiyo, ukilielekea jua umeielekea Kaaba. Fundi akaning'iniza timazi, uzi ukatupa kivuli sakafuni, tukatia alama mbili na kupiga mstari wa chaki. Wingu lilitutia presha kidogo, likapita.

Mzee mmoja akataka kujua mambo haya yametoka kitabu gani. Imamu ndiye aliyemjibu: al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, alihangaika na vipimo vya miji ili, pamoja na mengine, apate kibla ya mji wa Ghazna; na Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki (wataalamu wa nyota na sayari) wakubwa wa karne ya 14, ajira yake ilikuwa kutunza nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damascus. Mzee akaridhika, tukaenda kusali Adhuhuri.

Sasa mwezi. Tunagombana kila Ramadhani na watu wanadhani ni dini dhidi ya sayansi, lakini sehemu kubwa ya ugomvi ule ni wa fikihi tupu, yaani sheria za dini. Mwezi ulioonekana nchi nyingine unatulazimu sisi huku? Darubini haina la kusema hapo. Mwezi ulikuwa bado juu ya upeo jua lilipozama? Hilo ni la hesabu, na jibu lake linaweza kupatikana miaka mingi kabla. Mgongano wa kweli unakuja pale mtu anapoapa kwamba ameuona jioni ambayo mwezi ulitangulia jua kuzama. Kwa maoni yangu ushahidi huo ukataliwe. Tumeambiwa tufunge kwa kuuona, na huyo hakuuona. Tena hao hao wanaoikataa hesabu ya mwezi wanasali Alasiri kwa jedwali la ukutani, ambalo nalo ni hesabu. Nani siku hizi anatoka nje kupima kivuli cha kijiti?

Wanaonikera zaidi ni wa upande wetu, wanaorusha video za "sayansi imethibitisha aya" kwenye magrupu ya WhatsApp. Nadharia huwa zinarekebishwa. Ukishaifunga aya kwenye nadharia ya mwaka huu, mwakani utaifungia wapi? Surat Rahman inasema jua na mwezi vinakwenda kwa hesabu, nami inanitosha. Sikuisoma ili inifundishe fizikia.

Ila nisimdanganye mleta mada. Kibla na mwezi ni kesi nyepesi. Jenetiki itamfikisha dogo kwenye mageuko ya viumbe, yaani kwamba viumbe wa leo, na binadamu akiwemo, wametokana na viumbe wa kale, na huko ni kuzito. Hapa hapa Tanzania, Laetoli, timu ya mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey ilikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano, miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Umri huo umepimwa kwenye madini ya majivu, kwa potasiamu inayogeuka argoni pole pole. Kisigino kimezama, kidole gumba kiko sambamba na vingine kama chetu. Sijasikia hoja ya maana ya kuzifuta nyayo zile.

Na Nabii Adamu je? Wapo wanazuoni wanaoyakataa mageuko yote, wapo wanaoyakubali kwa viumbe wengine isipokuwa binadamu, na wapo wasioona tatizo hata kwa binadamu. Mimi niko na hao wa katikati, na najua ndipo pagumu kutetea darasani, maana jeni zetu na za sokwe zimefanana mno. Naishi na swali hilo likiwa wazi, na sala sijaacha. Kwenye mtihani dogo aandike ushahidi unavyosema, na mama akimuuliza amwambie hivyo hivyo bila kumtungia jibu la kumtuliza. Akifika chuoni aangalie pia msikitini Ijumaa saa saba. Atawakuta wahadhiri wake wengi kuliko mchangiaji wa kwanza anavyodhani.