Kulala behewa moja na wageni India

Dada wa Moshi, umeuliza mtalalaje na mama yako mgonjwa wa magoti kati ya watu msiowajua, kwa treni ya Mumbai hadi Chennai, na kama mlango unafungika.

Daraja la 3AC (lenye kiyoyozi na vitanda vya ngazi tatu) halina mlango wa kufungia sehemu mnayolala. Kila sehemu ina vitanda 6 vinavyotazamana, na 2 vya pembeni ng'ambo ya ujia. Ugomvi mwingi huanzia kitanda cha kati: kikiinuliwa kwa kulalia, mwenye kitanda cha chini hawezi kukaa wima. Kanuni ni kwamba kitanda hicho ni cha kulalia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya hapo wote mnakaa kwenye kitanda cha chini. Basi mwombee mama kitanda cha chini, na umri wake uujaze sahihi, maana mfumo hujaribu kuwapa wanawake wa miaka 45 na zaidi vitanda vya chini. Tiketi ikiandikwa RAC, hapo watu wawili hugawana kitanda kimoja cha pembeni. Kwa magoti yale, usikubali.

Mkimudu, lipieni 2AC (kiyoyozi, vitanda vya ngazi mbili): vitanda 4 na pazia, hakuna cha kati.

Nunueni mnyororo wa mita moja na kufuli hapo sokoni Mbuyuni. Chini ya kitanda kuna pete za kufungia mizigo. Pasipoti na pesa zilale mwilini. Mkikaribishwa biskuti au chai na jirani, shukuruni tu, semeni daktari amekataza. Mashuka na blanketi vinatolewa humo. Chaja ya pini bapa haiingii, bebeni adapta.