Kabla ya Kuseti Rilei, Tafuta Mkondo Mdogo

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nirushie seti zako za rilei ya fida ya kilovolti 11, nina kazi ya kukabidhi Ijumaa." Sikumrushia, na si uchoyo. Rilei ni kifaa kinachopima mkondo na kuiamuru breka ikate umeme kukiwa na hitilafu, na fida ni laini inayotoka kituoni kwenda kwa wateja. Seti zangu, yaani mkondo na muda nilioupangia rilei, zimezaliwa na chanzo changu, transfoma yangu na urefu wa laini yangu. Kwake hazina kazi.

Wengi wenu mnaonisoma mnataka mkae meza ya ulinzi wa mfumo wa umeme, mheshimike. Basi fanyeni hesabu wenyewe, hasa ya mkondo mdogo kabisa wa hitilafu. Chukua transfoma ya MVA 10 (megavolti-ampea, kipimo cha ukubwa wake), kilovolti 33 kwa 11, yenye impidansi, yaani kizuizi chake kwa mkondo, ya asilimia 8. Mkondo wake wa mzigo kamili upande wa 11 ni ampea 525. Watu hugawa 525 kwa 0.08, wakapata mkondo wa hitilafu kama ampea 6,560, wakafunga daftari. Hapo wamejifanya kwamba gridi iliyo nyuma ya transfoma haina kikomo. Ikiwa uwezo wa hitilafu upande wa kilovolti 33, yaani nguvu ambayo gridi inaweza kuisukuma kwenye shoti, ni MVA 250, chanzo nacho kinaongeza 0.04 (10 gawa kwa 250). Jumla inakuwa 0.12, na mkondo unashuka hadi ampea 4,370 hivi.

Sasa ifuate laini kilomita 20, omu 0.4 kwa kila kilomita. Hizo ni omu 8, juu ya 1.45 za chanzo na transfoma (ile 0.12 ikigeuzwa kuwa omu). (Nimejumlisha kienyeji ili mfano uwe mwepesi, kazini tenganisha rezistansi na riaktansi, sehemu mbili za impidansi.) Shoti ya fezi tatu, yaani waya zote tatu zikigusana, mwisho wa laini inatoa ampea 672. Zikigusana fezi mbili tu, zidisha kwa 0.866: unabaki na 582.

Namba hiyo ndiyo iliyonigombanisha na mkubwa wangu nilipokuwa mgeni kazini. Fida yetu ilifanana sana na huu mfano, mzigo wake ampea 300, naye alikuwa na kanuni moja tu: rilei iwekwe mara mbili ya mzigo. Yaani 600. Nikasema mbele ya kikao kwamba shoti ya mwisho wa laini rilei haitaiona. Akacheka, na kikao kizima kikacheka naye. "Kijana, hizo ni hesabu za darasani."

Sitawachosha na miezi iliyofuata. Siku ya upepo waya mbili zikashikana kule mwisho, zikawaka, breka imetulia tuli. Ilifungua pale tu waya ilipokatika na kuiangukia ya tatu, mkondo ukapanda. Kesho yake niliitwa nilete daftari langu. Rilei ikashushwa hadi ampea 400. Yule mzee hakuwahi kusema neno, na sitajidai kwamba halijaniuma. Mwezi uliopita waya zilishikana tena karibu palepale, breka ikafungua yenyewe. Nilitabasamu peke yangu.

Tena 400 haikuokotwa. Kwenye mkunjo wa kawaida wa IEC, yaani mchoro wa kimataifa unaoonyesha rilei ingoje muda gani kwa kila mkondo, kizidishi cha muda kikiwa 0.1, hitilafu ya ampea 4,370 mlangoni pa kituo inakatwa kwa sekunde 0.29 hivi. Ile ya 582 inangoja karibu sekunde 1.9. Mkondo mkubwa unakupa muda wa kupishanisha rilei, ili iliyo karibu na hitilafu ikate kwanza, na kukuambia breka ihimili nini. Mdogo unakuambia kama rilei itaamka. Wanaojua wa kwanza ni wengi. Wa pili ndio unaotofautisha mhandisi na mnakili.

Kwa hiyo tafuta mkondo mdogo. Utafute chanzo kikiwa dhaifu kabisa, jenereta zilizo karibu zimezimwa, waya ikiwa imepata joto. IEC 60909 yenyewe, kiwango cha kimataifa cha kukokotoa mikondo ya shoti, inatumia kigezo cha volti 1.1 kwa mkondo wa juu na 1.0 kwa wa chini kwenye msongo wa kati kama huu wa kilovolti 11. Ukibadilisha transfoma, tafuta upya. Laini ikirefushwa, tafuta upya.

Hitilafu ya ardhi, yaani waya ikigusa ardhi, ina hesabu yake, ile ya mfuatano sifuri (sehemu ya mkondo iliyo sawa kwenye fezi zote tatu) tuliyorithi kwa mhandisi Fortescue tangu 1918, na usiichanganye na hii. Rilei ya ardhi haisumbuliwi na mzigo uliosawazika kwenye fezi zote, kwa hiyo unaweza kuishusha mbali chini ya ampea za mzigo. Hata hivyo, waya iliyolala kwenye mchanga mkavu inaweza kuvuta ampea chache mno, na hapo hata rilei iliyosetiwa vizuri huenda isione kitu.