Mbegu ya ukame: ipi inakimbia, ipi inasubiri

Tangu mvua ikate katikati ya Januari simu yangu haijapoa. Maswali ya ukame yamezidi hata ya viwavijeshi. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua machache.

Shikamoo bwana shamba. Nilinunua mbegu ya mahindi, mfuko umeandikwa "inastahimili ukame". Mvua ikakata wiki mbili tu, nimevuna magunzi. Nimetapeliwa? (Msomaji, Kongwa)

Marahaba. Kabla hujamkamata muuzaji shati, niambie: hizo wiki mbili ziliyakuta mahindi yakiwa na umri gani? Mahindi ya magotini hukosa maji wiki mbili, yakanywea, kisha mvua ikirudi yakainuka. Yakikosa maji siku zile za kuchanua, umekwisha.

Dume la mhindi liko juu, ni mbelewele. Jike liko kiunoni, ni zile ndevu. Kila unywele unakwenda kwenye punje yake moja, na usipoguswa na chavua, punje hiyo haipo. Jua likikaza, mbelewele hutoka kwa wakati wake kama kawaida, lakini ndevu huchelewa, kwa sababu mmea ukibanwa hulinyima gunzi kwanza. Zinapochungulia, chavua imeshapeperuka.

Basi chukua gunzi moja uliangalie vizuri. Likiwa na punje moja huku, mbili kule, mapengo kama kibogoyo, ndevu zilichelewa. Likiwa limejaa chini na punje za nchani zimesinyaa, uchavushaji ulikwenda sawa, ila njaa ilikuja baadaye.

Kazi kubwa ya mbegu hizi ilianzia Mexico. Miaka ya 1970 watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, walikuwa wakiyanyima mahindi maji makusudi wakati wa kuchanua, kisha wakichagua yale ambayo ndevu hazikuachwa nyuma na mbelewele. Wakarudia kizazi baada ya kizazi. Damu ya kazi hiyo imo katika mahindi mengi yanayouzwa kwetu kama ya ukame. Kwa hiyo neno "kustahimili" pale mfukoni lina maana finyu: pengo la siku kati ya mbelewele na ndevu limepunguzwa. Mhindi bado ni mhindi, na maji anayataka. Kama mfuko ulikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na mbegu iliota vizuri, mimi ningeilaumu tarehe ya kupanda kuliko duka.

Mzee wangu alipanda mahindi ya Katumani maisha yake yote. Duka la pembejeo wananiambia hiyo imepitwa na wakati. Ni kweli? (Msomaji, Kitui)

Ya mzee si ya kutupa. Katumani ilizalishwa kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, miaka ya 1960, kwa ajili ya mvua za Ukambani ambazo hukuhadaa wiki chache zikaondoka. Akili yake ni moja tu: inakimbia. Inakomaa kama miezi mitatu, wakati H614, mbegu ya mahindi ya wakulima wa Kitale, inataka kama sita. Ukame unapofika, yenyewe imeshafunga virago.

Mbio zina bei yake. Mwaka wa neema, jirani mwenye mbegu ya muda mrefu kidogo atakushinda kwa magunia, maana wewe ulifunga duka mapema. Na mvua ikikata katikati ya msimu badala ya mwisho, kukimbia hakukusaidii. Ila Katumani si chotara, unaweza kuhifadhi mbegu yako mwenyewe. Chagua mahindi ya katikati ya shamba, si ya mpakani ambako yamechanganyika na ya jirani. Chotara ukiirudia, mavuno yanashuka msimu unaofuata, hilo halina mjadala.

Wazee wa huku wanasema mtama hufa ukafufuka. Sayansi inasemaje? (Msomaji, Bahi)

Haufi. Unajikunyata. Nenda shambani saa saba mchana wakati wa jua kali: jani limejikunja kama mkeka uliosimamishwa ukutani, ili lipigwe na jua kidogo. Sasa pangusa kwa kidole gumba pale jani linapokumbatia bua. Ule unga mweupe uliobaki kidoleni ni nta, na kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Chini, mizizi inakwenda mbali kutafuta unyevu.

Mhindi pia hujikunja majani. Tofauti iko kwenye saa. Siku ya mhindi kutoa mbelewele ikifika atatoa, mvua iwepo isiwepo. Mtama ambao haujaanza kutunga suke unaweza kusimamisha mambo, ukakaa pale pale wiki kadhaa, mvua ikirudi ukaendelea. Hicho ndicho wazee wanakiita kufufuka, na mimi sioni walipokosea. Subira hiyo ina kikomo: suke likishachungulia, jua kali linaumiza mtama nao.

Kuna mitama yenye tabia ya ziada: majani hubaki mabichi hata punje zikijaa wakati wa ukame, na bua halivunjiki. Ukoo unaotumiwa sana na wazalishaji wa mbegu kwa sifa hiyo, B35, asili yake ni mtama wa wakulima wa Ethiopia.

Uwele ndio kiboko. Una mbinu ya kuwa na familia kubwa: suke kuu likichomwa na jua, machipukizi ya pembeni yanachanua baadaye na kukupa kitu. Wagogo hawakuushikilia kwa ushamba. (Na ugali wa uwele kwa mlenda, asiyeujua anyamaze.) Hata mbegu zake bora zilizotolewa Tanzania mojawapo inaitwa Okoa. Mtama tuna Tegemeo, tuna Wahi. Waliotoa majina hayo walimfikiria mkulima, siku hizi tunauziwa herufi na namba kama za gari.

Mtama umechipua upya baada ya mvua, mbichi na mzuri. Nilishie ng'ombe? (Msomaji, Manyoni)

Usithubutu. Mtama mchanga, hasa uliotoka kubanwa na ukame, una sumu ya sianidi. Ng'ombe anaweza kula asubuhi na kabla ya mchana yuko chini, anahema. Subiri uvuke kiuno cha mtu mzima. Ukiwa bado umenyauka kwa jua, hata huo mrefu usimpe.

Macia yangu yote imeliwa na kwelea kwelea. Ya jirani, mtama mwekundu, haikuguswa. Kwa nini? (Msomaji, Igunga)

Mtama mwekundu mara nyingi huwa na tanini, ni mchungu mdomoni. Macia ni mweupe na mtamu, ndege wanajua kama unavyojua wewe. Ukipanda mweupe, kubaliana na wenzako mpande wiki moja ili hasara igawanyike. Ukiwa peke yako, umeandaa karamu.

Mvua yetu inaanza Desemba, inakata Februari, inarudi Machi. Nipande ipi? (Msomaji, Mpwapwa)

Swali zuri kuliko yote, kwa sababu umeanza na mvua badala ya jina la mbegu. Mahindi ya muda wa kati yaliyopandwa mapema Desemba yatachanua Februari, yaani utayapeleka machinjioni kwa mkono wako. Sehemu kubwa ya shamba weka mtama au uwele. Ukitaka mahindi, tenga eneo dogo, chimba mashimo ya Chololo kama wanavyofanya wenzako wa Dodoma: shimo la kina cha kama sentimita 20 hadi 30, samadi ndani, udongo uliotoka uzunguke upande wa chini wa mteremko ili maji yasikimbie. Panda nusu yake mbegu inayowahi na nusu inayochelewa, kila moja mstari wake, na uandike tarehe ya kila moja ilipotoa ndevu. Mwakani nitumie hizo tarehe, tutaongea vizuri zaidi.