Mtoto Atakayezaliwa Bilbao Aitwe Nani?

SWALI: Mdogo wangu ameolewa Bilbao, kaskazini mwa Hispania, na anatarajia kujifungua mtoto wa kike hivi karibuni. Hapa nyumbani, mama yetu anataka mjukuu huyo arithi jina la bibi, kama ilivyo desturi yetu, lakini shemeji na wazazi wake wanataja majina ambayo hatujawahi kuyasikia: Ane, Nahia, June. Sisi tulidhani Wahispania huwaita binti zao María au Carmen. Je, siku hizi wanafuata nini wanapochagua majina, na sheria yao itamruhusu mtoto kupewa jina la kwetu? – Msomaji, Kikuyu, Dodoma.

JIBU: Mlichodhani kina msingi. Ukiwahesabu wakazi wote wa Hispania, wazee kwa vijana, María Carmen na María bado yamo mwanzoni mwa orodha ya wanawake, kama yalivyo Antonio na Manuel kwa wanaume. Hata hivyo, orodha hiyo inaonyesha zaidi namna majina yalivyotolewa miaka 50 au 60 iliyopita. Taasisi ya takwimu ya nchi hiyo, INE, hutoa kila mwaka orodha ya watoto waliozaliwa, na humo utakuta Lucía, Sofía na Martina kwa wasichana, na Hugo, Mateo, Martín na Leo kwa wavulana. Jina la Lucía limeongoza kwa miaka mingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Zamani mzazi wa Kihispania hakuwa na kazi kubwa ya kuchagua. Mtoto alipewa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, au la babu, au mojawapo ya sifa za Bikira Maria, kama vile Pilar, Dolores na Mercedes. Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi alichukua jina la baba yake. Leo wazazi wengi hutazama kwanza jina linavyosikika, na wanapenda lililo fupi, lisiloweza kukatwa tena: Noa, Mía, Vega, Leo. Kanisa kupungua nguvu ni sababu mojawapo, lakini mimi naona idadi ya watoto ina uzito zaidi. Mwanamke wa Hispania kwa wastani hafikishi watoto wawili, na katika miaka ya karibuni wastani huo umekuwa chini ya 1.3, hivyo hakuna tena foleni ya watoto sita ambao babu na bibi wa pande zote wangegawana. Dodoma nako mambo yanabadilika, ingawa kwa njia nyingine: wazee wengi wa Mvumi na Kongwa ni akina Yoeli, Damari na Foibe, ilhali wajukuu wao ni akina Brighton na Glory.

Wakwe za mdogo wako, hata hivyo, wana sababu ya ziada, na ningeomba familia yenu iielewe kabla ya kubishana nao. Bilbao ni mji wa Wabaski, watu wenye lugha isiyofanana na Kihispania hata kidogo, na Ane, Nahia na June ni miongoni mwa majina yanayopendwa huko. Bilbao ilitekwa na majeshi ya Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, mwaka 1937, na mwaka uliofuata serikali yake ikatoa amri iliyozuia majina ya Kibaski katika madaftari ya vizazi. Kwa karibu miaka 40 mtoto angeweza kuitwa jina la Kibaski jikoni kwao, lakini cheti kikasoma jina la Kihispania. Franco alifariki mwaka 1975, na sheria ya Januari 1977 ikaruhusu majina ya lugha zote za Hispania. Wazazi wa shemeji yako huenda wanaikumbuka amri hiyo kama jambo lililowapata wao wenyewe. Tangu hapo baadhi ya majina hayo yamevuka mipaka: mlinda mlango wa zamani Iker Casillas, aliyezaliwa mwaka 1981, ni mtu wa Móstoles, karibu na Madrid, lakini Iker ni jina la Kibaski.

Kuhusu sheria, jibu ni ndiyo. Jina la kigeni linakubalika, mradi lisimdhalilishe mtoto wala kuvuruga utambulisho wake, na lisiwe lile lile la ndugu yake aliye hai. Yanaruhusiwa majina mawili, si zaidi, kwa hiyo Ane pamoja na jina la bibi ni ombi la kawaida kabisa mbele ya msajili. Usajili unaweza kufanyika hospitalini ndani ya saa 72 tangu kujifungua, na kwa hiyo mazungumzo haya yamalizike kabla ya uchungu kuanza.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani litamfurahisha mama yenu kuliko hilo. Kila Mhispania ana majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama, na mwanamke haachi lake anapoolewa. Maana yake ni kwamba jina la ukoo wenu litaandikwa kwenye cheti cha mtoto hata kama jina la bibi litashindwa. Zamani la baba ndilo lililotangulia. Tangu mwaka 2017 wazazi wanapaswa kukubaliana lipi litangulie, wasipokubaliana msajili huwapa siku tatu kisha anaamua mwenyewe, na mpangilio wa mtoto wa kwanza hufuatwa kwa wadogo zake wa baba na mama mmoja. Mwambie mdogo wako ahakikishe kwamba hati zake, hasa pasipoti na cheti cha kuzaliwa cha RITA, zinaonyesha jina la ukoo alilozaliwa nalo. Iwapo aliwahi kubadili pasipoti na kuandika jina la mumewe, alishughulikie suala hilo mapema, maana msajili anaweza kujikuta hana jina la upande wenu la kuandika.